Rangi Chini ya Nati

Wenzake katika chama cha mafundi umeme wa Chicago walimwita Padri, ingawa kanisani Clem Stachura alikuwa akisinzia kama wanaume wengine wote wa mtaa wake wa Brighton Park. Jina hilo alilipata kazini. Hakuweza kupita mahali ambapo paipu ya chuma imeingia kwenye boksi la chuma bila kusimama na kuhubiri.

"Tikisa," alikuwa akimwambia fundi aliyeifunga. "Tikisa hiyo paipu nione. Inacheza? Basi hujafunga kitu, bwana. Umepamba ukuta."

"Amina, Padri!" walimjibu, na kicheko kikasikika hadi ghorofa ya juu.

Walicheka, lakini walitikisa. Kila fundi mjini alijua kwamba Clem anasema kweli. Chicago umeme wote hupita ndani ya paipu za chuma, na siku zile hakuna aliyevuta waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme unaovuja, ndani yake, kwa kuwa paipu yenyewe ndiyo ilikuwa ethi. Waya ukichubuka ukagusa chuma, umeme hurudi kwa njia ya paipu, boksi hadi boksi, kwa nguvu nyingi kiasi cha kuunguza fyuzi, na hatari inaishia hapo. Ila njia hiyo ina viungo. Kila paipu inapoingia kwenye boksi kuna kiunganishi kilichopita tunduni, na kwa ndani kuna nati bapa yenye meno inayokishika. Kitabu cha kanuni kilitaka rangi ya boksi ikwanguliwe pale nati inapokaa, chuma kiguse chuma, na nati ikazwe kwa kifaa, si kwa vidole. Clem alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye jino la nati na kuigonga kwa nyundo mara tatu, hadi meno yazame. Alifanya hivyo miaka ishirini na tisa.

Februari ya mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka hamsini na nne, alikuwa akinywa kahawa mkahawani kabla ya kazi alipoona habari fupi kwenye ukurasa wa ndani wa gazeti. Mwanamke aitwaye Ofelia Rentería, miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, amekufa kwa umeme kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, upande wa magharibi wa mji. Alikuwa amesimama kwenye sakafu yenye maji, akashika mlango wa mashine.

Clem alilisoma jina la kiwanda mara mbili. Paipu za kiwanda kile walizifunga wao, yeye na wenzake, miaka miwili nyuma.

Alipofika kazini alimkuta fomeni wao, Gil Mulvihill, ameshalisoma gazeti. Gil alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na Clem alikuwa amefanya kazi chini yake miaka kumi na moja.

"Usianze kunitolea macho," Gil alimwambia. "Kazi yetu ilikaguliwa, ikapita. Kuna mzee pale wa matengenezo, anaitwa Tibbs. Desemba alifungua boksi la ile mashine abadilishe fyuzi. Amekiri mwenyewe. Mtu asiye fundi anatia mkono kwenye boksi, unategemea nini?"

"Maskini mama wa watu," Clem alisema.

"Maskini, ndiyo. Haya, chukua ngazi."

Clem alichukua ngazi. Alimwamini Gil. Huyo Hosea Tibbs alikuwa mtu Mweusi, na mtaani kwa Clem miaka ile jambo kama hilo liliposemwa juu ya mtu Mweusi, watu hawakuuliza swali la pili. Clem naye hakuuliza.

Wiki mbili baadaye Gil alimtuma kule kiwandani peke yake.

"Kabadilishe lile boksi, wanataka mashine ifanye kazi. La zamani litupe kwenye takataka zao hapo hapo."

"Wachunguzi wamelimaliza?"

"Wamefungua kifuniko, wamepiga picha, wamekwenda zao. Sasa wewe unataka kuwa polisi? Nenda bwana."

Mashine namba sita ilikuwa imezimwa. Juu yake wanawake walikuwa wameweka mshumaa ndani ya glasi na maua ya karatasi, na kila aliyepita na kikapu cha mashuka aliizunguka kwa mbali, hata kama njia ilikuwa ndefu zaidi. Hakuna aliyemsalimu. Clem alizima swichi kuu, akapima, akapima tena, akafungua kifuniko cha boksi la kijivu ukutani na kuzitoa nyaya. Kisha akaishika nati ili aweke bisibisi.

Haikuhitaji bisibisi. Ilizunguka kwa vidole viwili.

Alijiambia ni Tibbs. Aliitoa nati yote, akavuta paipu nyuma, akapitisha kidole gumba kuzunguka tundu, pale nati ilipokuwa imekaa. Rangi ilikuwa nzima. Ilikuwa laini kama sahani, haina hata mkwaruzo. Nati ikikazwa mara moja tu katika maisha yake, meno yake huacha alama kwenye rangi, na hata mtu akija kuilegeza baadaye, alama haziondoki. Hapa hapakuwa na alama. Tibbs hakulegeza kitu. Nati ile haikuwahi kukazwa tangu siku iliyowekwa, na mtetemo wa mashine ukaendelea kuilegeza kwa miaka miwili. Waya wa mota ulipochubuka, umeme ukaingia kwenye mwili wa mashine, ukakosa njia ya kurudi, fyuzi ikakaa kimya, hadi Ofelia Rentería alipoushika mlango.

Clem aliinua macho kuitazama paipu. Mkunjo wa paipu ni kama mwandiko wa mtu. Gil alikunja kwa pembe kali, na mwenzao Tierney, Mwailandi kama Gil, mikunjo yake ilikuwa na mbonyeo kidogo kila mara. Huu ulikuwa mrefu, umelala vizuri, umeingia boksini umenyooka bila kulazimishwa. Angeweza kuutambua akiwa umbali wa mtaa mzima.

Ulikuwa wa kwake.

Alikaa juu ya kasha la zana. Alijaribu kuikumbuka siku ile. Alikumbuka kiwanda kikiwa kitupu, alikumbuka ubaridi, alikumbuka Tierney akilalamika meno. Nati ile hakuikumbuka. Hakukumbuka kama aliitwa, au ngazi iliteleza, au alikuwa anawaza jambo. Alitafuta sababu kichwani mwake kama mtu anayepekua mifuko ya koti, na kila mfuko ulikuwa mtupu.

Alifunga boksi jipya. Alikwangua rangi, akagonga nati mara tatu. La zamani aliliviringisha kwenye gazeti pamoja na nati yake, akalitia kwenye mfuko wa chakula, akaenda nalo nyumbani. Alilificha kwenye chumba cha chini, nyuma ya mitungi ya matango ya siki ya mkewe.

Lilikaa huko miezi minane.

Katika miezi hiyo Clem aliendelea kwenda kazini, ila hakuhubiri tena. Mwanzoni wenzake walimtania. "Padri, leo hakuna ibada?" Baadaye wakaacha. Alianza kuikagua kazi yake mara tatu na mara nne, hadi Gil akamfokea kwamba anachelewesha watu.

Machi, Hosea Tibbs alifukuzwa kazi. Mei alikuja kwenye jengo la chama, akasubiri nje barazani kwa kuwa mlangoni walimwambia wasio wanachama hawaingii. Alikuwa mzee wa miaka sitini, mrefu, amevaa suti ya kanisani na kushika kofia mkononi. Clem alipotoka, mtu mmoja alimwonyesha kwa kidole.

"Bwana Stachura? Samahani kukusimamisha. Mimi ni Tibbs, wa kule kwenye mashuka. Nimeambiwa wewe ndiye uliyefunga paipu za upande ule."

"Ndiyo mimi."

"Nina swali moja tu, halafu nakuacha uende kula." Tibbs aliizungusha kofia. "Mimi nilifungua kifuniko, nikatoa fyuzi iliyokufa, nikatia nzima, nikafunga. Sikugusa kitu kingine. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Lakini wanasema niligusa, wanasema kila siku, mpaka usiku nalala nasema labda niligusa. Mimi ndiye niliyemsukuma yule dada kwa mpini wa ufagio, unajua? Alikuwa ameganda pale. Niliposikia wanasema ni mimi, niliona... Wewe ni fundi. Hebu niambie. Mtu akibadilisha fyuzi, anaweza kulegeza hiyo nati bila kujua?"

Clem alilijua jibu. Nati iko upande, fyuzi iko katikati, na mkono haufiki huko kwa bahati mbaya.

"Sijui," alisema. "Vigumu kujua."

Tibbs aliitikia kwa kichwa polepole, akavaa kofia. "Haya. Asante kwa muda wako, bwana."

Siku ile Clem hakula. Bernice, mkewe, aliliona hilo kama alivyoona mengine yote tangu Februari. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mshonaji mapazia, na kwa miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kukosea alipohisi kitu. Jumamosi moja ya Septemba alishuka kuchukua mtungi, akapanda na boksi mkononi.

"Hiki nini, Clem?"

Alimweleza. Alimweleza yote, hata ya Tibbs barazani. Bernice alisikiliza akiwa amesimama, boksi bado mkononi, na supu ya kabichi ikifurika jikoni bila mtu wa kuipunguzia moto.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Gil?"

"Gil alinituma nilitupe. Nadhani hakutaka kujua."

"Basi na wewe ungelitupa!" Alilipiga boksi mezani. "Miaka mitatu tu, Clem, unastaafu. Mitatu! Yule mama hafufuki. Ukisema, watoto wake watapata mama?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Kuna yule mzee."

Bernice alivuta kiti akakaa. Hatimaye alinyanyuka, akazima jiko, akasema bila kumtazama, "Usiniulize mimi. Ukiniuliza nitakwambia utupe. Kwa hiyo usiniulize."

Oktoba, mawakili waliwaita mashahidi watoe ushahidi wa kiapo kabla ya kesi, kwenye ofisi moja katikati ya mji, ghorofa ya kumi na tisa. Mume wa marehemu, Anselmo Rentería, alikuwa ameishtaki kampuni ya akina Clem, na kampuni ilikuwa ikimtupia lawama Tibbs na kiwanda. Gil alimpigia Clem simu asubuhi ya siku hiyo.

"Jibu utakaloulizwa, basi. Kazi ilikaguliwa. Kazi ilipita. Usihubiri."

Chumba kilikuwa na meza ndefu na mwanamke wa kupiga chapa maneno yote. Anselmo alikaa mwishoni, mtu mfupi wa mabega mapana, mikono juu ya meza kama amewekewa sahani. Mtoto wake mkubwa wa kike alikaa kando akimtafsiria kwa sauti ya chini. Clem aliapa. Wakili wa Anselmo alipomuuliza kama anajua nani alifunga kiungo cha mashine namba sita, Clem aliinama, akatoa boksi kwenye mfuko wa sokoni na kuliweka mezani.

"Ni mimi," alisema.

Wakili wa kampuni aliruka kama aliyekalia sindano. Walibishana dakika kumi juu ya boksi, limetoka wapi, limekaa wapi. Kisha wakili wa kampuni akamgeukia Clem, sauti imekuwa tamu.

"Bwana Stachura, unakumbuka kuifunga nati hii?"

"Hapana."

"Hukumbuki. Basi huwezi kusema kwamba hukuikaza."

"Naweza. Tazama rangi." Clem aliligeuza boksi kwenye mwanga wa dirisha. "Pitisha kidole hapo. Nati iliyokazwa inang'ata, huwezi kuondoa alama zake. Hapo hapajang'atwa. Na mkunjo wa paipu ni wangu, kampuni wakitaka waende wakautazame, bado upo. Yule mzee hakugusa kitu. Hata angetaka, hapakuwa na cha kulegeza."

Hakukuwa na swali lingine.

Anselmo alimfuata hadi kwenye lifti. Alikuja peke yake, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha.

"Bwana. Siku ile ulikuwa na haraka gani?"

Clem alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Kwa swali hili hakuwa amejiandaa. Angeweza kumdanganya, kumwambia fomeni alimharakisha, kwamba mkewe alikuwa mgonjwa. Ingekuwa aina fulani ya huruma.

"Sikuwa na haraka," alisema.

"Mgonjwa?"

"Hapana. Sikuwa mgonjwa. Nilisahau. Hata sijui kama nilisahau. Nimetafuta, sijui."

Anselmo alimtazama usoni.

"Bora ungekuwa na haraka," alisema, akarudi kwa mwanawe.

Siku iliyofuata Clem alikwenda upande wa kusini, mtaa wa watu Weusi ambao maisha yake yote alikuwa akiupita kwa gari bila kusimama. Tibbs alimfungulia mlango, akasikiliza akiwa kizingitini. Clem alisema yote bila kujipumzisha. Nyuma ya mzee palikuwa na redio ikiimba nyimbo za kanisa, na mwanamke akauliza, "Nani huyo, Hosea?"

"Mtu wa umeme," Tibbs alijibu. Kisha akamwambia Clem, "Ulilipata lini hilo boksi?"

"Februari."

"Na mimi nilikufuata Mei."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza. Nimevaa suti yangu, nimeshika kofia, nikakuuliza kwa adabu."

"Ndiyo, Bwana Tibbs. Nimekuja kuomba..."

"Usiombe." Mzee hakupaza sauti. "Nati ulisahau. Sawa, binadamu anasahau, Mungu anajua. Lakini pale barazani hukusahau. Pale ulikuwa unanitazama usoni." Alikishika kitasa. "Nimelala miezi minane nikijiona nimemuua yule dada. Wewe uliijua dawa yangu, ukaenda zako. Sina la kukuambia. Nenda salama."

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu ile ile.

Kesi haikufika mahakamani. Walimalizana kimya kimya kabla ya Krismasi. Tibbs alisafishwa kwa barua, lakini kazini hakurudishwa. Kiwanda kilisema nafasi imeshajazwa. Clem hakuna aliyemfukuza. Kazi iliyokuwapo ilipokwisha, kila asubuhi alikwenda kwenye jengo la chama kusubiri kupangiwa nyingine, na kila asubuhi majina yaliitwa, na la kwake halikuitwa. Hakuna aliyemtukana. Alipokaa kwenye benchi, walionyanyuka walinyanyuka kama watu waliokumbuka jambo. Tierney peke yake alimwambia, siku moja chooni, akinawa mikono: "Wote tumewahi kuacha moja, Clem. Kila mtu humu ana yake. Ndiyo maana hawawezi kukutazama."

Baada ya majira ya baridi aliacha kwenda. Alipata kazi ya kuuza vifaa dukani, akipima misumari na kukata funguo. Bernice alibaki naye. Hakumlaumu hata mara moja, lakini boksi halikutajwa tena nyumbani, na mambo mengine mengi nayo yakaacha kutajwa, moja moja, hadi jioni zao zikawa za redio tu.

Siku zake za mapumziko Clem alianza kuzunguka mji. Alikuwa ameandika kwenye daftari majengo yote aliyokumbuka kuyafanyia kazi: shule, ghala la nyama, kanisa la Walithuania, nyumba za ghorofa. Alibisha hodi na kuomba aangalie maboksi, bure. Wengi walimfukuza wakidhani ni mwizi au chizi. Baadhi walimwacha aingie. Mwangalizi wa shule moja, mama mmoja aitwaye Dolores Whitlow, alimshikia ngazi mchana mzima, na alipoona anatikisa paipu moja baada ya nyingine akamuuliza anatafuta nini.

"Iliyolegea."

"Umepata?"

"Bado."

"Si ndiyo vizuri hivyo?"

Clem alikuwa juu ya ngazi, mkono wake kwenye boksi. Nati ilikuwa imekazwa, meno yamezama kwenye chuma kitupu, na alama ya bisibisi yake ilikuwa palepale, mapigo matatu. Katika majengo kumi na saba hakupata hata moja iliyolegea. Mwanzoni aliomba asipate. Sasa alishtuka kugundua kwamba anaomba apate, hata moja tu, ili ajue kuwa alikuwa fundi mzembe, mtu wa kawaida anayefahamika, aliyestahili lililotokea. Hilo lingekuwa na maana. Lakini kazi yake ilikuwa nzuri, ukuta baada ya ukuta, na katikati yake kulikuwa na nati moja isiyo na sababu.

"Shuka upumzike, mzee," Dolores alimwambia. "Uso umekupauka."

Alishuka, akanywa maji aliyopewa, akapanda tena.

Mapafu ndiyo yaliyomkatisha, yale yaliyovuta vumbi la asbesto ya mabomba ya joto miaka yote ile. Kufikia mwaka 1986 hakuweza kupanda ngazi ya hatua tatu. Daftari lilikuwa na majengo tisa ambayo hakuyafikia. Bernice alimsikia mara kadhaa akipiga simu huko, akiwaeleza watu wasiomjua waende kwenye boksi, washike paipu, waitikise. Wengi walikata simu. Yeye aliendelea kushika mkono wa simu sikioni kwa muda, kisha akaurudisha polepole, na kupiga namba iliyofuata.